Carnegie Hall ya New York: ngazi 137 hadi kiti cha bei nafuu

Mjomba wangu alipiga fidla katika vikundi vya taarabu mjini Tanga kwa zaidi ya miaka thelathini, na alipokuja kututembelea New Jersey msimu wa baridi uliopita hakuomba apelekwe kwenye Sanamu ya Uhuru wala kwenye maduka makubwa ambayo wageni wetu wengi huyaulizia kabla hawajafungua mabegi. Aliomba jambo moja tu. Alitaka kuuona ukumbi ambao jina lake alilisoma akiwa kijana kwenye jalada la santuri ya Harry Belafonte, santuri iliyorekodiwa mbele ya hadhira mwezi Aprili 1959, ambayo jirani yao aliipiga kila Jumapili mpaka ikaanza kukwaruza. Ukumbi huo ni Carnegie Hall. Mimi nilikuwa nimekwisha kuingia humo mara nne, na kila mara nilitoka nimeridhika, lakini ni kwenda naye kulikonifanya niketi kuandika tathmini hii, kwa kuwa alisikia mambo ambayo masikio yangu yalikuwa yakiyapita.

Ukumbi upo kwenye kona ya Mtaa wa 57 na Seventh Avenue, Manhattan, na treni za chini ya ardhi zinakushusha karibu kabisa na mlango. Usitazamie jengo refu. Limezungukwa na minara, na ng'ambo ya barabara umesimama mmoja wa makazi wenye urefu wa mita 306, kiasi kwamba mgeni anaweza kulipita jengo lenyewe akiwa ameinua macho kutazama jirani yake. Ni jengo la matofali membamba ya kahawia inayoelekea wekundu, lenye madirisha ya matao kwa mtindo wa Italia ya kale. Mjomba alivua glavu, akaweka kiganja ukutani, akauliza swali la fundi: "Mpwa wangu, ukuta huu una unene gani?"

Swali hilo ndilo mlango wa historia yote ya mahali hapa. Carnegie Hall ni miongoni mwa majengo makubwa ya mwisho mjini New York kujengwa kwa uashi mtupu, bila fremu ya chuma, hivyo kuta zenyewe ndizo zilizobeba uzito na zikalazimika kuwa nene sana. Chuma kiliingia baadaye, minara ya studio ilipoongezwa. Mtu aliyelipia ujenzi alikuwa Andrew Carnegie, mzaliwa wa Scotland aliyefika Marekani akiwa mtoto wa familia maskini, na sehemu kubwa ya utajiri wake ilitokana na chuma. Hata hivyo ukumbi unaobeba jina lake ulisimama kwa matofali na chokaa, na wajuzi wengi wa sauti wanaamini kwamba unene huo ni sehemu ya sababu inayofanya kelele za jiji zibaki nje na muziki ubaki ndani.

Wazo la kuujenga lilizaliwa baharini. Mwaka 1887 Carnegie alimwoa Louise Whitfield, na wakiwa melini kuelekea Scotland kwa fungate walikutana na Walter Damrosch, kijana wa miaka 25 aliyekuwa akiongoza kwaya na okestra zilizoanzishwa na marehemu baba yake. Louise mwenyewe alikuwa ameimba katika kwaya hiyo. Damrosch alikuwa na shida ambayo kila kiongozi wa kikundi cha muziki anaijua: wanamuziki anao, nyimbo anazo, mahali pa kupigia hana. Aliizungumza shida hiyo njiani na baadaye nyumbani kwa wenyeji wake huko Scotland, na Carnegie, ambaye hakuwa na shauku kubwa ya muziki kama mkewe, hatimaye akakubali kutoa fedha. Tarehe 13 Mei 1890 Louise aliweka jiwe la msingi kwa mwiko wa fedha, na mumewe akasema maneno yaliyoonekana kuwa ya majivuno siku ile, kwamba huenda historia ya ukumbi huu ikaja kufungamana na historia ya nchi.

Kazi ya usanifu alipewa William Burnet Tuthill, aliyekuwa hajawahi kujenga ukumbi wa muziki wa aina hii maishani mwake. Alikuwa mpigaji sello wa ridhaa na katibu wa kwaya ileile ya kina Damrosch, na mimi naona kwamba hapo ndipo bahati ya ukumbi ilipolala, kwa sababu alipanga jengo kama mtu anayekusudia kuja kuketi ndani yake na kusikiliza. Ukiingia ukumbi mkuu leo utakuta rangi ya maziwa, nakshi za dhahabu zisizozidi kiasi, viti vyekundu, na juu duara la taa darini badala ya taa kubwa za kuning'inia. Kuta zimepinda taratibu na plasta yake ni laini. Hakuna mahali ambapo jicho linakatazwa kupumzika, na sauti nayo inaonekana kufuata njia ileile, inateleza bila kugonga kona.

Ulifunguliwa tarehe 5 Mei 1891 kwa tamasha la siku tano, na mgeni rasmi alikuwa mtunzi Tchaikovsky mwenyewe, aliyevuka bahari kutoka Urusi kuja kuongoza kazi zake. Alisumbuliwa sana na upweke wa kuwa mbali na nyumbani, lakini alishangaa kugundua kwamba Marekani ilimjua kuliko Ulaya. Wakati huo mahali hapa paliitwa kwa kifupi Music Hall, jina ambalo kwa wasanii wa Ulaya lilimaanisha ukumbi wa vichekesho na vinywaji. Baada ya miaka michache likabadilishwa, likawekwa jina la mfadhili.

Sasa nieleze jioni yetu, kisha nitarudi kwenye historia, maana vitu hivi viwili havitengani humo ndani.

Tiketi nilizinunua kwa dirisha la ukumbi wenyewe, na ninamsihi kila msomaji afanye hivyo. Mara yangu ya kwanza, miaka minane iliyopita, nilitafuta kwa haraka kwenye intaneti nikaangukia tovuti ya walanguzi wa tiketi, ambayo siitaji jina, nikalipa karibu mara mbili ya bei iliyochapishwa juu ya tiketi yenyewe. Niliumia kwa sababu fedha ile ingetosha viti viwili. Tangu hapo nimejifunza kwamba ukumbi una viti vya bei ya chini kwenye roshani ya juu kabisa, una tiketi za nafuu za siku hiyohiyo kwa baadhi ya maonyesho, na una viti ambavyo nguzo au pembe huziba sehemu ya jukwaa, navyo huuzwa kwa bei iliyopunguzwa na kwa onyo la wazi. Kwa mtu anayekuja kusikia zaidi ya kuona, hivyo vya mwisho si vya kudharauliwa.

Ukumbi mkuu, ambao tangu 1997 unaitwa kwa jina la mpiga fidla Isaac Stern, una viti 2,804 katika ghorofa tano. Lifti inafika ghorofa zote isipokuwa ya juu kabisa, na kufika huko kwa miguu ni ngazi 137. Mjomba ana miaka 74. Nilikuwa tayari kulipa zaidi ili akae chini, akakataa, akisema kwamba mwimbaji hujulikana na aliyeketi nyuma, si aliyeketi mbele. Tulipanda tukipumzika mara nne, na kila tulipopumzika palikuwa na picha ukutani, wanamuziki na viongozi wa okestra wa zaidi ya miaka mia, nyingine zikiwa na sahihi zao, hata nikashuku kwamba anachagua mahali pa kuchokea kwa kufuata picha. Mwenye matatizo ya magoti au moyo asijaribu. Achukue kiti cha ghorofa ya nne, ambako lifti inafika. Ajue pia kwamba mteremko wa juu ni mkali na nafasi ya miguu ni ya vipimo vya mwaka 1891, zama ambazo watu walikuwa wafupi kidogo kuliko vijana wetu.

Jioni ile okestra ilipiga simfonia ya tisa, yaani utunzi mrefu wa okestra wenye sehemu kadhaa, ya Antonín Dvořák. Niliichagua makusudi, kwa kuwa ukumbi huu ndio uliokuwa wa kwanza duniani kuisikia, mwezi Desemba 1893. Sehemu ya pili huanza kwa ala za shaba zikipiga polepole na kwa kina, mithili ya mtu anayefungua mlango mzito usiku bila kutaka kuamsha watoto, halafu zinanyamaza, na ala moja inabaki na wimbo. Ala hiyo ni ya mwanzi wa ndimi mbili, ya ukoo mmoja na zumari ya pwani yetu, ila ni nene na ya chini zaidi. Mpigaji alikuwa mwanamke mwenye shati jeusi, mdogo kama kidole kwa umbali tuliokuwapo. Nilimwona akilamba mwanzi, akainua mabega, na noti ya kwanza ikatufikia nzima, na ule mkwaruzo mdogo wa mwanzi ukiwa bado ndani yake, kana kwamba anapiga kwenye safu iliyo mbele yetu. Hapakuwa na kipaza sauti hata kimoja. Mjomba alinishika mkono wa koti. Alikuwa amefumba macho, na vidole vyake vya kushoto vilikuwa vikitembea juu ya goti vikitafuta mahali pa noti zile kwenye fidla.

Wakati wa mapumziko alinieleza alichokisikia. "Hapa hakuna anayesukuma sauti," alisema. "Sisi siku hizi tunasukuma. Kila mtu ana spika yake, na mwenye spika kubwa ndiye mwenye harusi." Alisema hivyo kwa huzuni, kwa kuwa anakumbuka taarabu ya ukumbini ambapo ganuni ilisikika bila waya wowote na watu walijua kunyamaza. Sikumjibu. Ninaamini ana haki, na ninaamini pia kwamba hilo ndilo ambalo Carnegie Hall inaliuza hasa. Unalipia ukimya uliojengwa kwa matofali, ambao ndani yake mtu mmoja anapuliza mwanzi na watu 2,804 wanamsikia sawasawa.

Nilimsimulia kuhusu Dvořák mwenyewe. Alikuwa Mcheki aliyealikwa New York mwaka 1892 na Jeannette Thurber kuongoza chuo cha muziki ambacho mama huyo alikianzisha, chuo kilichopokea wanafunzi weusi katika zama ambazo milango mingi ilifungwa. Mmoja wa wanafunzi hao, Harry T. Burleigh, alikuwa akienda kumwimbia nyimbo za kiroho za watu waliokuwa watumwa, nyimbo alizorithi kwa babu yake. Mwaka 1893 Dvořák alitangaza gazetini kwamba muziki wa Marekani wa siku zijazo ni lazima ujengwe juu ya nyimbo za watu weusi. Wengi walikasirika. Miezi michache baadaye simfonia yake ilipigwa hapa, na ukijua habari hiyo, wimbo wa ile zumari nene unausikia kwa namna nyingine.

Tangu mwanzo ukumbi huu umekuwa na uhusiano na wasanii weusi ambao kumbi nyingine nyingi za Marekani haziwezi kuudai. Tarehe 15 Juni 1892, mwaka mmoja tu baada ya kufunguliwa, Sissieretta Jones alikuwa msanii mweusi wa kwanza kuimba humo, ingawa haikuwa kwenye jukwaa kuu bali kwenye ukumbi mdogo wa chini. Tarehe 2 Mei 1912 James Reese Europe alipanda jukwaa kuu na okestra ya watu weusi zaidi ya mia moja, wenye mandolini, banjo na piano kadhaa kwa mpigo, kuchangia shule ya muziki ya watoto weusi wa Harlem. Mwimbaji mweusi Marian Anderson aliimba humo mwaka 1928, miaka kumi na kidogo kabla ya chama kimoja cha akina mama kumkatalia ukumbi mwingine jijini Washington kwa sababu ya rangi yake. Tarehe 16 Januari 1938 Benny Goodman alileta jazi, akiwa na Teddy Wilson na Lionel Hampton jukwaa moja na wapigaji weupe, jambo ambalo katika majimbo ya Kusini lisingeruhusiwa. Duke Ellington akafuata Januari 1943 na kazi ndefu aliyoitunga kusimulia historia ya watu wake Marekani.

Sisemi kwamba wenye ukumbi walikuwa watakatifu. Sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni ya kibiashara: mahali hapa paliishi kwa kukodishwa. Aliyekuwa na kodi ya jioni moja alipewa jukwaa, awe mpiga piano, mhubiri, mama anayedai haki ya kupiga kura au Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi mweusi ambaye Januari 1906 alizungumza humo kuchangisha fedha za chuo chake cha Tuskegee huku mwandishi Mark Twain akiwa miongoni mwa wasemaji. Mlango uliofunguliwa na kodi uliwapitisha watu ambao mlango wa hisani usingewapitisha. Martin Luther King alisimama hapo tarehe 23 Februari 1968 kumuenzi mwanazuoni mweusi W. E. B. Du Bois, wiki sita baadaye aliuawa.

Kwa mjomba, jina lililokuwa na uzito kuliko yote lilikuwa la Miriam Makeba. Santuri ya Belafonte ya 1959 aliijua, lakini hakujua kwamba mwaka uliofuata, tarehe 2 Mei 1960, Belafonte alirudi ukumbini humo akamleta Makeba jukwaani kama mgeni wake. Mwaka huohuo serikali ya makaburu ilimzuia kurudi Afrika Kusini kumzika mama yake. Huyu ndiye ambaye baadaye aliuchukua wimbo wetu wa Malaika akauimba kwa Kiswahili mbele ya dunia, na wengi wetu tuliozaliwa baadaye tuliusikia kwa sauti yake kabla ya kuusikia kwa sauti ya Fadhili William. Mwaka 2014 ukumbi uliandaa tamasha la muziki na sanaa za Afrika Kusini lililoitwa Ubuntu, neno ambalo sisi tunalo kama utu, na Angélique Kidjo wa Benin akaimba humo kumuenzi Makeba. Mjomba alirudia tarehe ile mara mbili, mbili Mei sitini, mbili Mei sitini, kisha akaomba kalamu akaiandika nyuma ya tiketi.

Jambo linalonitisha kila ninapoketi humo ni kwamba mahali hapa palikaribia kabisa kutoweka. Carnegie alifariki mwaka 1919, na mwaka 1925 mjane wake aliliuza jengo kwa mfanyabiashara wa majengo, Robert E. Simon, maana ukumbi haukuwahi kujilipa. Mwana wa Simon alirithi, na katikati ya miaka ya 1950 akatafuta mnunuzi. Okestra ya New York Philharmonic, mpangaji mkubwa kuliko wote, ilikuwa imekubali kuhamia Lincoln Center, kituo kipya kilichokuwa kikipangwa upande wa magharibi mwa jiji, na bila mpangaji huyo hesabu zilikuwa hazisimami. Michoro ikatolewa ya jengo la ghorofa 44 lenye rangi nyekundu la kuchukua nafasi yake. Mpango huo ulikwama, lakini nia ya kubomoa haikukwama, na mwanzoni mwa 1960 ukumbi ulikuwa umebakiwa na miezi.

Aliyesimama alikuwa Isaac Stern. Hakuwa mwanasiasa, alikuwa mpiga fidla aliyekuwa ameanza kujulikana kwa onyesho lake katika ukumbi huohuo mwaka 1943, na aliunda kamati ya wananchi, akawaandikia wanamuziki wakubwa wa dunia watie sahihi, akagonga milango ya meya na ya wabunge wa jimbo. Sheria maalumu ikapitishwa, na katikati ya 1960 Jiji la New York likalinunua jengo kwa dola milioni 5 na kulikabidhi kwa shirika lisilo la faida linaloliendesha hadi leo. Mwaka 1962 likatangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Kwa mwenye kudhani kwamba lingeokoka tu kwa uzuri wake, nikumbushe kwamba stesheni tukufu ya Pennsylvania, ya jiji hilohilo, ilianza kubomolewa mwaka 1963, na jumba la zamani la opera la Metropolitan likafuata mwaka 1967. Nilipomwambia mjomba kwamba ni mpiga fidla aliyeuokoa, alinyamaza, kisha akasema, "Fidla ina maneno," akacheka kwa furaha.

Kuokolewa nako kuna gharama zake. Mwaka 1986 ukumbi ulifungwa kwa muda wa miezi saba kwa ukarabati mkubwa, na ulipofunguliwa Desemba wapo wanamuziki walioanza kulalamika kwamba sauti haikuwa ileile, imekuwa kavu. Wenye ukumbi walikanusha kwa miaka. Mwaka 1995, mbao za jukwaa zilipofunuliwa kwa matengenezo, ilikutwa zege chini yake, ikaondolewa. Sina masikio ya kuhukumu tofauti ya kabla na baada, lakini habari hiyo inanifundisha kuwasikiliza wapigaji wanapolalamika kuhusu sakafu. La kusikitisha zaidi kwangu ni studio zilizokuwa juu ya ukumbi, zaidi ya mia moja, ambamo kwa zaidi ya karne walikaa na kufanya kazi wachoraji, wapiga picha, walimu wa sauti na wa dansi. Wapangaji wa mwisho waliondoka mwaka 2010, na vyumba vikageuzwa kuwa ofisi na madarasa ya muziki. Madarasa ni jambo jema, na watoto wengi wa shule za jiji wanafaidika nayo. Bado naona kwamba jengo lilipoteza wakazi wake.

Kuhusu huduma yenyewe nina machache. Waelekezaji wanajua kazi yao na wanazungumza kwa staha. Mmoja wao, mama wa makamo, alipomwona mjomba akipumua kwenye ngazi alimtolea kiti bila kuuliza. Fika nusu saa mapema ili uione jumba ndogo la makumbusho lililo ndani, ambalo halina kiingilio: utaukuta mwiko uliowekea jiwe la msingi na klarineti ya Benny Goodman. Ziara ya kuongozwa mchana ni ya takriban saa moja, kwa Kiingereza, nayo inafaa kwa mtu asiye na subira ya simfonia nzima. Vinywaji ni ghali, kama popote katika mtaa huo. Usipige makofi kati ya sehemu na sehemu za simfonia. Si dhambi, ila utajikuta peke yako. Na ukitaka bendi yenye magitaa ya umeme na ngoma nzito, chagua ukumbi wa Zankel ulio chini, wenye viti 599, uliofunguliwa mwaka 2003 baada ya kuchimba mwamba, pale pale alipoimba Sissieretta Jones. Ukumbi mkuu ulijengewa sauti za mikono na mapafu, na ukiufunga vipaza sauti maneno huanza kukanyagana. Kule Zankel nako treni ya chini ya ardhi husikika ikipita wakati mwingine, kwa mbali, na mimi nimeizoea.

Viza ya mjomba ilikuwa inaisha Machi. Wiki moja kabla ya safari tulirudi, Jumamosi mchana, kwenye ukumbi mdogo kuliko yote, Weill, wenye viti 268, ambao unaufikia kwa lifti na ambao tiketi zake mara nyingi ni nafuu zaidi. Alipiga msichana wa fidla akiwa na mpiga piano. Tulikaa safu ya sita. Chumba ni cheupe na kidogo kiasi kwamba ulimsikia akigusa kidevu kwenye mbao. Kabla ya wimbo wa kwanza alisimama kidogo, upinde ukiwa hewani, na mjomba akaniinamia sikioni. "Umemsikia?" alininong'oneza. "Amevuta pumzi kwanza. Marehemu mwalimu wetu alitupiga viganja kwa ajili ya pumzi hiyo."